Makadirio si bei

Mjomba kanitumia kipande cha Antiques Roadshow. Kipindi hiki cha televisheni BBC walikianza mwaka 1979, Marekani nao wana chao kwenye kituo cha PBS tangu 1997: watu wanapanga foleni na vitu vya mababu, mtaalamu anakigeuza kitu, anachungulia kitako chake, anataja kiasi. Hapa ni gudulia la udongo lililojaa nyuso za kutisha, mwenyewe alilinunua dola 300. Mjomba kaandika chini: "Jamaa kapata dola 50,000!"

Hajapata hata senti. Kaondoka na gudulia lake.

Alichopewa ni makadirio, yaani rai ya mjuzi kuhusu kiasi ambacho kitu kingeweza kuleta kikiuzwa mahali fulani kwa njia fulani. Watu wanaita hiyo "bei", na hapo ndipo ninapokereka. Bei tumeitoa kwenye Kiarabu, bay', na maana yake ni kule kuuza kwenyewe. Haikai ndani ya gudulia kama maji ndani ya dafu. Hajauza mtu, hajanunua mtu, bei itoke wapi? Thamani nayo ina vituko vyake: kwa Waarabu thaman ndiyo bei yenyewe, na thamani kwao ni qima, ambayo sisi tumeifanya kima, kile cha kima cha chini cha mshahara. Tumeyapokea yote na kuyavisha kanzu tofauti, sawa, lakini tukishayavisha tusiyachanganye.

Wathamini wa kipindi wenyewe hujihadhari. Husema "mnadani" au "kwa ajili ya bima". Kiasi cha bima kwa kawaida huwa juu, kwa kuwa ni gharama ya kununua kingine kama hicho dukani. Mnadani mnunuzi mara nyingi ni mwenye duka, naye anatafuta faida yake. Kitu kimoja, viasi viwili, na hakuna aliyedanganya.

Tena rai hubadilika. Gudulia hilo lilidhaniwa ni la mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20, likakadiriwa dola 30,000 hadi 50,000. Baada ya kipindi kurushwa 2016, ikajulikana lilifinyangwa na mwanafunzi wa sekondari huko Oregon miaka ya 1970. Makadirio mapya: dola 3,000 hadi 5,000.

Sasa mjomba anauliza "bei" ya sanduku la bibi, lile la njumu za shaba lenye bawaba moja iliyolegea. Mjomba, sema "linakadiriwa kiasi gani". Bei utaniambia wewe, siku utakayoliuza, kama bibi atakubali.