Sindano ya vitamini D: uliza kabla ya kuchomwa

Mgongo unaniuma na nachoka ovyo. Kliniki moja hapa Kampala wanataka kunichoma sindano ya vitamini D. Nikubali?

Kwanza waulize wamekupima nini. Uchovu huletwa na malaria, upungufu wa damu, hata kushinda juu ya bodaboda kutwa nzima. Kiwango cha vitamini D hujulikana kwa kupima damu, na bila kipimo hicho wanabahatisha kwa pesa yako.

Hiyo sindano ina dawa kiasi gani?

Mara nyingi yuniti 300,000, pengine 600,000, kwa mara moja. Mtu mzima asiyezidi miaka 70 anahitaji kama yuniti 600 kwa siku. Kwa hiyo ile ndogo ni mahitaji ya siku 500!

Si ni vitamini tu? Ikizidi nitaikojoa.

Vitamini C, sawa. D hujificha kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo miezi. Kazi yake ni kusaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Ikizidi mno, kalsiamu hujaa kwenye damu. Hapo huja kiu isiyokatika, mkojo wa mara kwa mara, kukosa choo, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, mawe kwenye figo, na figo zenyewe huweza kufeli. Sindano moja kwa mwenye upungufu ni nadra kumfikisha huko. Wanaonitia wasiwasi ni wanaochomwa kliniki hii, mwezi ujao ile, na nyumbani wana vidonge.

Mama ana miaka 76. Si itamkinga asivunjike mifupa?

Hilo lilijaribiwa Uingereza kwa watu zaidi ya 9,000 wenye miaka 75 na kuendelea: sindano ya yuniti 300,000 kila mwaka, miaka mitatu. Matokeo yalitoka 2007. Mifupa haikukingika, na wanawake waliochomwa walivunjika nyonga zaidi ya wenzao. Australia walitumia yuniti 500,000 za kumeza mara moja kwa mwaka; mwaka 2010 wakaripoti kwamba akina mama wazee walianguka na kuvunjika zaidi. Kama mama ana upungufu, mimi ningeomba apewe dozi ndogo ya kila siku.

Basi sindano ni ya nani?

Ya mwenye upungufu mkubwa uliothibitishwa, hasa ambaye utumbo wake haufyonzi vizuri au hawezi kumeza vidonge.

Na nani ajihadhari?

Mwenye kifua kikuu, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kupandisha kalsiamu. Pia aliyewahi kupata mawe ya figo, na anayetumia digoksini, dawa ya moyo, au vidonge vya presha vya kukojoza aina ya thiazidi. Mwambie mhudumu kabla hajavuta dawa kwenye bomba.

Nimeshachomwa. Nifanye nini?

Usirudie mpaka upimwe. Dai jina la dawa, yuniti na tarehe viandikwe kwenye daftari lako la matibabu, na vidonge vyovyote vyenye vitamini D uvionyeshe kwa daktari. Ukianza kutapika au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na daftari mkononi.