Kabla ujiite fundi wa ng'ombe mkali wa shoo, angalia kwanza kama anakuogopa

Kazi yangu ni kufundisha ng'ombe wa shoo kuongozwa na kamba, na ikifika Agosti simu yangu haipoi. Shoo ya Jamhuri Park, ile ya kilimo hapa Nairobi, huwa mwisho wa Septemba kuingia Oktoba, na hapo ndio watu wa Karen, Kikuyu, Limuru wanakumbuka wako na mtamba mzuri wa Friesian ama Ayrshire ambaye hajawahi kuvaa kamba maisha yake yote, na wote wanalia ati ni mkali. Mimi kabla nipande matatu kuja huko nauliza tu, ukiingia bomani anakimbilia kona ama anabaki akikuangalia?

Anayekimbilia kona, kichwa juu, weupe wa macho unaonekana, mkia unachapa chapa na anakunya ovyo, huyo anaogopa. Anaweza kukuvunja mguu kwa teke, sikatai, lakini anachotafuta ni njia ya kutoka tu. Anayebaki, akugeuzie ubavu, akunje mgongo ndio umwone mkubwa, halafu ainamishe kichwa aanze kukwaruza chini na kwato, huyo hana uoga wowote na wewe, na ukienda kumbembeleza kama yule wa kwanza utalala hospitali. Hao wawili hawatibiwi na dawa moja, na hapa Nairobi dawa naona wengi wako nayo ni moja, fimbo.

Wacha nianze na mwoga maana ndio wengi. Ng'ombe macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, kwa hivyo ukimtokea kwa nyuma kimya kimya lazima aruke, hata mimi ningeruka. Kitu kiko chini hakipimi vizuri mpaka ainamishe kichwa: kivuli, mtaro, maji yametuama, hosi imelala njiani. Akisimama ghafla mkitembea usimvute, legeza kamba anuse aone, sekunde kadhaa tu halafu anavuka mwenyewe. Na masikio yake yanashika sauti nyembamba kutushinda, sasa hao vijana wa kupiga mluzi na kupiga mabati wanaharibu kazi. Akishashtuka vizuri mpatie nusu saa apoe, ukiendelea kumng'ang'ania hapo hapo unamfundisha uoga. Kama anakamuliwa utaona hata kwa ndoo, maana ng'ombe akiogopa maziwa hayashuki.

Kwa kamba, mambo yote yako kwa kulegeza. Namfunga kwa nguzo imara, kichwa kwa urefu wake wa kawaida, kamba fupi asiweze kupitisha mguu juu yake, na fundo la kufunguka ukivuta mara moja, kwa sababu akianguka amejinyonga huna muda wa kutafuta kisu. Nakaa hapo karibu, simwachi peke yake. Kesho yake tunaanza kutembea kwenda maji, si kutoka maji, uone vile inasaidia. Navuta kidogo, nashikilia, akitupa hata hatua moja nalegeza SAA HIYO HIYO, si baada ya hatua tatu, hiyo ya papo hapo ndio inamwambia amefanya poa. Wengi wanavuta bila kuachilia ng'ombe anaona kutembea na kusimama ni uchungu ule ule, basi analala chini mnaanza kusema ni mkaidi. Na tafadhali usizungushe kamba kwa mkono, nimeona vidole vikienda hivyo.

Kitu kingine watu husahau ni dastikoti. Shoo unamwongoza ukiwa umevaa dastikoti nyeupe, na huko nyumbani mtu pekee wa koti jeupe ni daktari wa mifugo akikuja na sindano, sasa mtamba ametulia miezi yote, asubuhi ya kushindanishwa anaona koti anang'oa nguzo! Vaa hilo koti ukimpelekea pumba wiki nzima. Redio nayo iache ikiongea bomani, maana Jamhuri kuna spika, watoto wa shule na honi za Ngong Road. Mashine ya kunyoa iwashe kwanza ukiwa mbali, kesho usogee, halafu weka mkono wako begani na mashine juu ya mkono asikie mtetemo kupitia kwako.

Sasa madume. Hapa naongea bila kucheka. Dume la aina ya ng'ombe wa maziwa ndio hatari zaidi, na usidanganywe na Jersey kwa sababu ni mdogo. Mara nyingi anabadilika akiwa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili, yule yule watoto walikuwa wanamkuna. Na mbaya kuliko wote ni ndama aliyelelewa peke yake kwa chupa, amezoea watu akisukumana nao kichwa kwa kichwa kila mtu anachekelea, maana akikuwa mkubwa anakuhesabu kama dume mwenzake. Walelee pamoja na ndama wengine na hiyo mchezo ya vichwa ikome siku ya kwanza.

Pete ya puani daktari awekee akiwa kati ya miezi tisa na mwaka, ipite pale kwa nyama laini mbele ya gegedu, ule mfupa laini wa katikati ya pua. Lakini usimfunge kwa pete peke yake, akivuta itararuka na utabaki na dume bila breki. Mfunge kwa kamba ya kichwa, pete ni ya kuongozea, watu wawili, mmoja ashike ile fimbo ya kushikanisha na pete imzuie kukukaribia. Akikuonyesha ubavu usikimbie wala usimpe mgongo, rudi kimshazari ukimwangalia mpaka ufike kwa ua.

Kuna wale huniuliza kama wanaweza dunga sindano ya kutuliza siku ya shoo. Hapana. Zailazini, hiyo dawa ya kutuliza, kwa ng'ombe dozi yake ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya farasi, ukikosea analala, anajaa gesi, na kama mimba imekomaa anaweza kuitupa.

Na ng'ombe mpole akibadilika ghafla, analia sauti ya ajabu, mate yanatiririka, anashambulia hata ukuta, hiyo si tabia. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usitie mkono mdomoni ati unatafuta kama amekwamwa na kiazi, mfungie, osha na sabuni na maji mengi popote mate yamekugusa, upigie daktari wa mifugo, na kama mate yaliingia kwa kidonda ama mdomoni uende hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe.

Dume aliyewahi kumrusha mtu chini hata mara moja mimi siji kumfundisha, hata uongeze pesa. Mwenye dume wa aina hiyo namwelekeza Dagoretti kwa kichinjio.