Mlango wa bweni ufunguke kuelekea nje: dhana potofu kuhusu usalama wa shule zetu

Bweni likiteketea, swali la kwanza huwa lile lile: nani aliwasha? Wapelelezi wanakuja, wanafunzi wanahojiwa mmoja mmoja, wazazi wanaitishwa pesa za ukarabati, muhula unaendelea. Swali hilo lina haki yake. Ila idadi ya watoto watakaotoka hai huwa imeshaamuliwa miezi mingi kabla ya moto: imeamuliwa na fundi aliyechomelea nondo madirishani, na usimamizi ulioongeza vitanda pasipo kuongeza mlango, na yeyote anayelala na funguo chini ya mto wake. Hapo ndipo dhana nyingi tunazozibeba kuhusu shule za Kenya zinapogeuka hatari.

"Nondo na kufuli ndizo usalama wenyewe"

Hii ndiyo iliyogharimu zaidi, na ni ngumu kung'oa kwa kuwa inatokana na hofu ya kweli. Mwaka 1991 wanafunzi wavulana walivamia bweni la wasichana katika Shule ya St. Kizito, Meru, na wasichana 19 wakafa. Magodoro huibwa, wanafunzi huruka ua usiku, na mwalimu mkuu ndiye anayeulizwa. Basi anaita fundi wa kuchomelea, madirisha yanatiwa vyuma, mlango wa pili unafungwa kwa nje, na kila mtu analala akiamini mambo yako sawa.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Petroli ilikuwa imemwagwa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwezi huo huo, miaka mitatu nyuma, wasichana 26 walikuwa wameteketea katika shule ya Bombolulu huko Pwani, nao wakiwa nyuma ya vyuma na mlango uliofungwa. Tulikuwa tumeshaonyeshwa, hatukuona.

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu iliutoa mwaka 2008 hauna mafumbo katika jambo hili. Bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati. Milango iwe na upana usiopungua futi 5, ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2.

Kwa nini kufunguka kuelekea nje? Watoto 100 wakikimbilia mlango unaovutwa ndani, wa nyuma wanawasukuma wa mbele, wa mbele wanabanwa kwenye ubao wa mlango, na hapo hata mwenye nguvu za fahali hawezi kuuvuta. Sasa weka kufuli kwa nje. Matroni yuko nyumbani kwake upande wa pili wa uwanja. Anaamshwa na mayowe, anatafuta kitita cha funguo, umeme umeshakatika, na funguo zote kwenye kitita zinafanana. Akipata ya kwanza isiyo yenyewe, sekunde zinakwenda. Akipata ya pili, vivyo hivyo.

Mwizi azuiliwe kwenye ua. Huko ndiko kwa seng'enge, taa na mlinzi aliye macho. Mlangoni panatosha komeo la ndani ambalo mtoto wa kidato cha kwanza analisukuma kwa kiganja bila kutafuta ufunguo.

Na usiridhike na maandishi mekundu ya "mlango wa dharura". Nenda upande wa ndani ukatazame kilichoegemezwa hapo. Mara nyingi ni kitanda cha deka, au masanduku ya chuma yaliyopangwa hadi kiunoni, kwa sababu wanafunzi wameongezeka na kona hiyo ndiyo iliyobaki wazi.

"Moto ukianza watasikia harufu, wataamka"

Mtu aliyelala fofofo hategemei pua yake kumwamsha. Magodoro ya sponji yakishika moto hutoa moshi mweusi mzito uliojaa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo humlegeza mtu kabla hajajua kuna nini. Wengi wanaokufa katika moto huuawa na moshi kwanza, na miali huwakuta baadaye. Moshi hupanda juu, kwa hiyo anayelala kitanda cha juu ndiye unayemfikia mapema. Hewa inayovutika hubaki chini karibu na sakafu, na ndiyo sababu mtoto hufundishwa kutambaa, asisimame akakimbia. Bweni hugeuka tanuri kwa dakika chache tu. King'ora cha moshi kinacholia chenyewe ndicho kinachompa mtoto dakika hizo.

"Zimamoto watakuja, na isitoshe tuna mitungi ukutani"

Huduma za zimamoto ziko chini ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na magari yake hukaa mijini. Shule nyingi za bweni ziko mwisho wa barabara ya vumbi. Wakifika wakakuta bado kuna wa kuokolewa, ni bahati. Dakika za mwanzo ni za mlinzi, matroni, mwalimu wa zamu na viranja.

Ama mtungi wa kuzimia moto, soma mshale wake. Ukiwa kwenye kijani, una shinikizo. Ukiwa umelala kwenye nyekundu, hilo ni pambo la ukutani. Hata ukiwa mzima, ule wa kawaida wa poda huisha chini ya nusu dakika. Ni wa kuzimia godoro moja au pazia, haukutengenezewa bweni linalowaka. Maji nayo yasirushwe kwenye nyaya zenye umeme wala kwenye mafuta ya jikoni.

"Ni utundu wa wanafunzi, dawa ni adhabu"

Kiasi fulani ni kweli. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto nchini, wingi wake wa kuwashwa, na baada ya mkasa wa moto katika bweni la shule ya Moi Girls Nairobi wa Septemba 2017 mahakama ilimtia mwanafunzi hatiani kwa kuua bila kukusudia. Lakini kwa majirani zetu wa Tanzania, moto uliowaua wasichana 12 katika sekondari ya Idodi, Iringa, mwaka 2009 ulihusishwa na mshumaa. Waya uliochubuka hauogopi kufukuzwa shule. Jengo ambalo ni rahisi kutoka mbio huokoa watoto bila kuuliza moto umetoka wapi.

"Mazoezi ya kujiokoa yatawatia hofu, au kuwapa mawazo mabaya"

Anayetaka kuchoma bweni hangoji zoezi limfundishe. Tena, kwa maoni yangu, wanaofunzwa zaidi siku hiyo ni watu wazima: wanagundua mlango uliokwama, taa ya nje iliyoungua, king'ora kisichosikika bweni la mwisho. Zoezi la saa nne asubuhi pekee halitoshi. Lifanyike pia gizani, walimu wakijua, bila moshi wala uongo. Mwanafunzi kiziwi apangiwe jirani wa kumtikisa, na anayetumia kiti cha magurudumu alale karibu na mlango, kwenye kitanda cha chini.

"Shule ya kutwa haina shida hiyo"

Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto wasiopungua 13 walikufa kwa kukanyagana ngazini jioni wakienda nyumbani. Ngazi ni mlango wa dharura uliolazwa. Kuachia madarasa kwa zamu hakugharimu hata shilingi.

"Idadi tunaijua, iko kwenye rejista"

Rejista inajua waliosajiliwa. Septemba 2024, bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, shule ya binafsi, liliungua likiwa na wavulana 156. Walikufa 21, lakini kwa saa nyingi makumi ya wengine hawakujulikana waliko, kwa sababu baadhi walikuwa wamechukuliwa na wazazi na wengine wamehifadhiwa na majirani. Novemba mwaka huo Wizara ilifunga sehemu za bweni za shule za msingi 348 zilizokosa viwango. Orodha inayofaa ni ya usiku huo huo, kitanda kwa kitanda, ikiandikwa wakati wa kulala na kuwekwa nakala nje ya bweni, na mzazi asimchukue mtoto kutoka uwanja wa kukusanyika kabla jina halijapigwa mstari na mwalimu wa zamu.