Kwa Nini Sumu Kali Kuliko Zote Hulainisha Makunyanzi ya Uso?

Simama mbele ya kioo ukunje ndita. Kati ya nyusi zako itajitokeza mistari iliyosimama wima, kwa wengi miwili, kwa wengine mmoja au mitatu. Sasa legeza uso. Kijana wa miaka 20 akifanya hivyo mistari inapotea papo hapo. Mtu wa miaka 45 huenda akaona imebaki, hafifu lakini ipo, hata kama siku nzima hajakasirika. Dawa inayotumika zaidi duniani kuiondoa mistari hiyo, Botox na wenzake, inatengenezwa kutokana na sumu ambayo wanasayansi hawajapata iliyo kali kuishinda. Imewezekanaje?

Jibu linaanzia kwenye misuli ya uso, ambayo haifanani na mingine. Msuli wa mkono au paja umeshika mfupa huku na huku. Misuli mingi ya uso imeshika mfupa upande mmoja tu, na upande wa pili umeingia ndani ya ngozi yenyewe. Ndiyo maana tunaweza kucheka, kushangaa, kununa na kubinua midomo bila kusogeza kichwa. Kila msuli unapojikunja unavuta ngozi, na ngozi inajikunja kukatisha mwelekeo wa ule mvuto. Msuli wa paji la uso huvuta kwenda juu, kwa hiyo mistari yake hulala. Misuli ya kati ya nyusi huvuta kwenda katikati, kwa hiyo mistari yake husimama. Msuli unaozunguka jicho ni duara, ndiyo sababu mikunjo ya pembeni mwa macho hutawanyika kama miale. Ukimwangalia mtu kwa makini anapocheka, unaweza kuuchora msuli wake bila kuuona.

Sumu yenyewe ilianza kuelezwa vizuri Ujerumani, kwenye eneo la Württemberg, na daktari aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner. Kati ya mwaka 1817 na 1822 alichapisha habari za wagonjwa waliokula soseji zilizoharibika. Walikuwa wakiona vitu viwiliviwili, kope zikiwaangukia, mate yakikauka, koo likishindwa kumeza, na mwisho pumzi ikikata, huku akili zao zikiwa timamu. Kerner alithubutu kuionja sumu hiyo mwenyewe. Tena aliandika jambo ambalo lilichukua zaidi ya miaka 150 kutimia: kwamba kiasi kidogo sana cha sumu hiyo kingeweza kutuliza neva zinazofanya kazi kupita kiasi.

Mwaka 1895, kwenye kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wapiga muziki waliokuwa wamehudhuria mazishi walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Wengi waliugua na watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem aliipima nyama na maiti, akampata mhalifu: bakteria ambaye leo tunamwita Clostridium botulinum. Anaishi kwenye udongo karibu kila mahali, na hewa ndiyo adui yake. Chakula kikifungiwa mahali pasipo oksijeni bila kupikwa vya kutosha, mbegu zake huamka na kuanza kutoa sumu. Hata huku kwetu amewahi kufika mezani. Mwaka 1980 jarida la tiba la BMJ lilieleza habari za Wakenya waliopatwa na ugonjwa huu baada ya kula kumbikumbi, na mwaka 2008 wanafunzi wa shule moja ya bweni Uganda waliugua kutokana na sumu ya aina A. Aina A ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Botox.

Sasa tuingie pale neva inapokutana na msuli, kwa sababu hapo ndipo siri yote ilipo. Ubongo ukitaka nyusi zikunjwe, ujumbe husafiri kwa umeme hadi ncha ya neva. Umeme hauvuki kuingia kwenye msuli. Ncha ya neva ina vifuko vidogo mno vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini, na vifuko hivyo lazima vigande kwenye ukuta wa neva, vipasuke, vimwage kilichomo. Msuli ukiipata kemikali hiyo, unajikunja. Sumu ya botulinamu huingia ndani ya ncha ya neva na kukata protini moja, SNAP-25, ambayo bila yake vifuko haviwezi kugandana na ukuta. Haiui neva wala haichomi msuli. Vyote viwili viko hai na vizima, ila amri inatolewa na haifiki. Msuli unakaa umelegea, na ngozi iliyokuwa ikikunjwa mara mamia kwa siku inapata nafasi ya kunyooka.

Huo ndio ufanyaji kazi uleule uliowaua wapiga muziki wa Ellezelles. Kwao sumu ilipita tumboni, ikaingia kwenye damu na kusambaa hadi kwenye misuli ya kupumulia. Kwenye kliniki inachomwa ndani ya msuli mmoja mdogo, kwa kiasi ambacho kinaishia hapohapo. Kipimo chake hakihesabiwi kwa miligramu bali kwa yuniti. Kwa mistari ya kati ya nyusi, kipimo cha kawaida cha Botox ni yuniti 20, zikigawanywa sehemu 5. Chupa nzima ya yuniti 100 ina nanogramu chache tu za sumu, na nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Kiasi kinachokadiriwa kumuua mtu mzima kwa kuchomwa kinafika karibu yuniti 3,000, yaani zaidi ya mara 100 ya kile cha kuondolea ndita. Jambo la kuzingatia ni kwamba yuniti za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Yuniti moja ya Dysport si yuniti moja ya Botox, na anayechanganya hesabu hizo anacheza na uso wa mtu.

Matokeo hayaonekani siku ya sindano. Huanza baada ya siku mbili tatu, hukamilika baada ya kama wiki mbili, kisha hufifia baada ya miezi mitatu au minne. Neva huchipua matawi mapya ya kupitishia ujumbe, na baadaye ncha ya zamani nayo hupona. Mimi naona hii ndiyo sifa kubwa ya dawa hii: ikikosewa kidogo, kope ikaanguka au nyusi moja ikapanda kuliko nyingine, muda unarekebisha.

Aliyetimiza wazo la Kerner hakuwa akifikiria urembo hata kidogo. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alitafuta njia ya kutibu makengeza bila kisu. Alitaka dawa ya kulegeza msuli mmoja wa jicho, ule unaovuta kupita kiasi. Sumu aliipata kwa Edward Schantz, aliyekuwa ameisafisha wakati jeshi la Marekani likiitafiti kama silaha. Mwaka 1973 Scott alichapisha majaribio ya nyani, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa ugonjwa wa kope kujifumba kwa nguvu zenyewe.

Kabla ya hapo, mwaka 1987, daktari wa macho Jean Carruthers wa Vancouver, Kanada, alikuwa akiwatibu wagonjwa wa kope kwa sindano hizo. Mgonjwa mmoja alilalamika kwamba safari hii hajachomwa kati ya nyusi. Daktari alishangaa, kwa kuwa sehemu hiyo haikuonyesha tatizo. Mgonjwa akaeleza kwamba kila akichomwa pale uso wake unatulia, anaonekana mtu asiye na dhiki. Jioni hiyo Jean alimsimulia mumewe Alastair, daktari wa ngozi ambaye wagonjwa wake walikuwa wakimwomba kila siku dawa ya ndita. Aliyekubali kujaribiwa wa kwanza alikuwa mhudumu wa mapokezi wa kliniki yao. Walichapisha matokeo mwaka 1992, na mwaka 2002 FDA ikaruhusu matumizi ya urembo.

Hata hivyo wengi hupoteza fedha zao kwa kutojua kwamba sumu hii hutibu sababu moja tu ya uso kuzeeka, yaani msuli unaokunja. Mashavu yaliyobonyea na taya lililolegea haiviwezi. Uso unazeeka tangu ndani. Mfupa wa tundu la jicho hupanuka kadiri miaka inavyokwenda na mfupa wa taya la juu hurudi nyuma, kwa hiyo ngozi inakuwa kama hema lililofupishwa nguzo. Mafuta yaliyojaza mashavu yanapungua na kushuka. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupungua kwa kama asilimia 1 kila mwaka tangu ujana. Juu ya yote liko jua. Mwaka 2012 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani aliyeendesha kwa miaka 28. Upande wake wa kushoto, uliokuwa dirishani, ulikuwa umekunjamana na kuning'inia. Wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine kabisa. Miale ya jua aina ya UVA hupita kwenye kioo. Madereva wetu wa daladala na matatu, ambao hukaa kulia, wangefaa kuiona picha hiyo.

Pale ujazo ulipopungua, madaktari hutumia fila, yaani jeli ya kujazia. Historia yake inatisha. Mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna alianza kuchoma mafuta ya parafini mwilini, na kwa miaka mingi watu walibaki na uvimbe mgumu na vidonda usoni. Fila nyingi za leo zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho, na zina faida moja kubwa: kuna kimeng'enya, hayaluronidesi, kinachoweza kuiyeyusha jeli ikikaa vibaya.

Lakini ukiniuliza kipi cha kuogopa zaidi, nitakujibu ni jeli, si sumu. Mishipa ya damu ya pua na ya kati ya nyusi imeungana na mshipa unaolisha jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu ndani ya mshipa huo, inaweza kurudi nyuma hadi kwenye jicho na kuziba damu. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haivumilii kukosa damu zaidi ya saa moja au mbili. Mtu anaweza kuingia kliniki akiwa na macho mawili na kutoka na moja, na mara nyingi uoni haurudi. Ni ajali ya nadra, ila imetokea katika nchi nyingi, hata kwa madaktari wazoefu. Anayechoma fila lazima aijue ramani ya mishipa hiyo, na hayaluronidesi iwe mezani kabla sindano haijafunguliwa. Nyuzi za kuvutia ngozi juu, ambazo siku hizi zinatangazwa sana, nazipitia haraka: nyingi huyeyuka ndani ya miezi kadhaa, na mvuto wake haukai muda mrefu.

Kwa ngozi nyeusi hesabu inabadilika. Melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake, hukinga jua, hivyo makunyanzi madogomadogo huchelewa, pengine kwa miaka 10 ukilinganisha na ngozi nyeupe. Kinachotusumbua zaidi ni madoa, rangi isiyolingana na mashavu kubonyea. Pia ngozi yetu hulipiza jeraha: ikichomwa na leza isiyofaa au kemikali kali ya kuchubua, huacha weusi wa miezi mingi, na wengine huota makovu makubwa yanayozidi jeraha lenyewe. Ndiyo maana sindano nyembamba mara nyingi ni salama kuliko leza kwa mtu mweusi, na anayetaka leza aulize kwanza kama mashine ni ya kufaa rangi yake. Inaniuma kuona mtu anajipaka mkorogo miaka kumi, wenye zebaki na steroidi, steroidi ambayo huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, kisha anatafuta sindano ya kurudisha ujana. Krimu ya kukinga jua na kofia vingemfaa mapema, kwa gharama ndogo.

Lililobaki ni bidhaa bandia. Mwaka 2004, Florida, watu wanne walichomwa sumu ghafi ya maabara, isiyokusudiwa kabisa binadamu, wakaishia kwenye mashine za kupumulia kwa wiki nyingi. Mwaka 2024 Marekani ilitoa tahadhari tena baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua kwa Botox bandia, baadhi wakiwa wamechomwa nyumbani au saluni. Chupa halisi ina namba ya toleo na tarehe, huhifadhiwa kwenye baridi, na mteja ana haki ya kuiona ikifunguliwa. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa misuli kulegea, mayasthenia gravis, hawapaswi kuchomwa.

Baada ya sindano yoyote ya aina hii, ukianza kuona viwiliviwili, sauti ikakwama, kumeza kukawa shida au pumzi ikawa nzito, nenda hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi saa hiyohiyo, hata kama zimepita siku kadhaa. Dawa ya kuzuia sumu hukamata ile tu inayoelea kwenye damu. Ambayo imeshaingia ndani ya neva haitolewi tena, na mgonjwa hana budi kusaidiwa kupumua mpaka neva zichipue upya.