Surua: tunayoambiana foleni ya kliniki, na yaliyohesabiwa

Surua, shurua, ukambi: majina ni mengi, na hadithi zake ni nyingi zaidi. Nianze na ile inayosemwa kuliko zote.

"Huo ni upele wa utotoni tu, kila mtoto sharti aupitie."

Surua huwapata watoto kwa sababu wakubwa wengi walishaugua au walishachanjwa, basi. Ukitaka kuona inavyofanya pale ambapo karibu hakuna mwenye kinga, rudi mwaka 1846 kwenye visiwa vya Faroe, milki ya Denmark katikati ya bahari ya Atlantiki ya kaskazini. Surua ilikuwa haijakanyaga huko tangu 1781, miaka 65 kamili. Mwishoni mwa Machi akashuka Tórshavn seremala mmoja kutoka Copenhagen, na siku chache baadaye akawa kitandani. Kabla mwaka haujaisha, kati ya wakazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 walikuwa wameugua: wavuvi, wachunga kondoo, wanawake wenye wajukuu. Serikali ikatuma madaktari wawili vijana, mmoja wao Peter Ludwig Panum, umri miaka 25.

Wakati huo hakuna aliyejua virusi ni kitu gani. Panum alizunguka kijiji baada ya kijiji na daftari lake akiuliza maswali mawili: ulikutana na nani, na upele ulikutoka lini? Mazingira yalimbeba. Vijiji vile vimejibanza kila kimoja kwenye ghuba yake, mgeni akitia nanga watu wanaikumbuka hiyo siku mwaka mzima. Tarehe 4 Juni, wanaume kumi wa Tjørnuvík walipanda mashua moja kwenda Vestmanna kushiriki uwindaji wa nyangumi. Tarehe 18 Juni upele ukawatoka wote kumi. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa na bado inanisisimua: mashua moja, watu kumi, siku moja. Kwa visa kama hivyo Panum alionyesha kwamba tangu mtu aambukizwe hadi upele utoke ni siku 13 au 14, na kwamba ugonjwa hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Wasomi wengi wa enzi zake walikuwa bado wanashikilia kwamba magonjwa ya namna hiyo huzuka kwenye hewa mbovu. Kwetu wapo wanaosema ni joto la kiangazi. Joto hilo halikuwa kwenye ile mashua.

"Mtoto huambukiza upele ukishatoka."

Huanza siku nne kabla. Na siku hizo nne mtoto anaonekana ana mafua ya kawaida: homa, kikohozi, macho mekundu yanayotoa machozi. Anapelekwa shule, anapakatwa kwenye daladala, anapelekwa msibani. Akishaondoka chumbani, virusi hubaki vikielea hewani kwa muda wa hadi saa mbili. Kwenye jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Ndiyo sababu wataalamu wanang'ang'ania asilimia 95 ya watoto wapate dozi zote mbili. Wengine huiona tarakimu hiyo kama tamaa ya wizara kujaza ripoti, kumbe inatokana na hesabu hiyo ya 12 hadi 18: ili mnyororo ukatike, karibu kila anayemzunguka mgonjwa lazima awe na kinga.

"Kinga ya kuugua ni bora kuliko ya sindano."

Hapa kuna ukweli nusu, na Panum ndiye aliyeuandika. Aliwakuta wazee 98 waliougua surua 1781. Hakuna hata mmoja aliyeugua tena 1846. Kinga ya kuugua hudumu maisha, hilo halina ubishi.

Tatizo ni bei yake. Mwaka 2019 mtafiti Michael Mina na wenzake walichapisha uchunguzi wa damu za watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, damu ikiwa imechukuliwa kabla na baada ya surua. Waligundua kwamba surua ilikuwa imefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mwili ulisahau sehemu ya maradhi uliyokwisha kuyashinda, ingawa surua yenyewe uliikumbuka. Mama akikwambia "tangu ile surua mtoto hajakaa sawa, leo kifua, kesho tumbo," msikilize. Virusi vya chanjo, ambavyo vimedhoofishwa, havifanyi ufutaji huo.

"Mbona waliolazwa wengi wana kadi za chanjo?"

Swali zuri, na huwa linajibiwa vibaya, kwa kukanusha. Inaweza kuwa kweli kabisa. Chukua watoto 100. Tisini wamepata dozi moja wakiwa na miezi tisa, kumi hawajapata chochote. Dozi moja katika umri huo huwakinga takriban asilimia 85, kwa hiyo katika wale 90, kama 13 hivi chanjo haikuwashika. Surua ikiingia na kumkumba kila asiye na kinga, wodini utakuta 13 wenye kadi na 10 wasio nazo. Ukihesabu vitanda tu, utasema chanjo haifai. Ukihesabu kijiji kizima utaona kwamba wasiochanjwa wameugua kumi kwa kumi, na waliochanjwa 13 kwa 90.

Kwa nini basi isisubiriwe mtoto akue? Mtoto huzaliwa na kinga aliyoachiwa na mama, na kinga hiyo huizima chanjo ikitolewa mapema mno. Lakini ukichelewa, surua inawahi. Miezi tisa ni mapatano kati ya hatari hizo mbili. Dozi ya pili, ambayo Kenya na Tanzania hutolewa kwenye miezi 18, ndiyo inayowaokota wale 13.

"Upele ukirudi ndani utamuua. Mfungieni chumba cha giza, asidungwe sindano, asipelekwe hospitali."

Hii nimeikuta kwa bibi zangu mwenyewe na siwacheki. Waliona mtoto anakonda upele ukififia, wakaunganisha. Kinachoua kwa kawaida ni nimonia, kuhara na kuishiwa maji, na haya huja hata upele ukiwa umetoka wote. Giza halidhuru, macho yanauma kweli. Kinachodhuru ni kumchelewesha, na dawa za kienyeji zinazodondoshewa machoni.

Katika miaka ya 1980, hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, madaktari walikuwa wanaona watoto wakipofuka baada ya surua. Wakafanya jaribio kwa watoto 180 waliolazwa na surua. Wote walipata matibabu ya kawaida; 88 kati yao wakaongezewa vitamini A. Katika hao 88 walifariki sita, katika 92 waliobaki walifariki 12. Matokeo yalichapishwa 1987. Tarakimu zilikuwa ndogo, na aliyetilia shaka alikuwa na haki yake. Mwaka 1990 likatoka jaribio la Cape Town, watoto 189: walifariki 12, na kumi kati ya hao walikuwa kwenye kundi lisilopewa vitamini A. Leo dozi mbili za vitamini A, siku mbili mfululizo, ni sehemu ya matibabu ya surua. Haizuii kuambukizwa, lakini humpigania aliyekwisha kuugua, na ni lazima mtoto afikishwe kituoni ili aipate.

Usonji, ugumba na mengineyo

Wapo wanaosema chanjo huleta usonji au ugumba; haya nayapita haraka. Makala ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilikuwa na watoto 12; jarida liliifuta 2010 na mwandishi wake mkuu akanyang'anywa leseni ya udaktari. Denmark walifuatilia watoto 657,461 hawakuona uhusiano wowote. Ugumba hauna hata makala ya kufuta.

Lakini hofu si lazima itokane na uongo. Samoa, 2018, watoto wachanga wawili walikufa baada ya wauguzi kuchanganya chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake ya kuchanganyia. Kosa lilikuwa la mikono, chanjo ikasimamishwa, watu wakaogopa. Mwaka uliofuata surua iliua watu 83 katika nchi ya watu wapatao 200,000, wengi wao watoto wadogo. Mwaka huohuo wa 2019 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa na mlipuko wa surua ulioua zaidi ya watu 6,000, wengi kuliko Ebola iliyokuwa inatangazwa kila siku redioni.

"Nesi anabania chanjo."

Mama anafika na mtoto wa miezi tisa, anaambiwa arudi Alhamisi. Anaondoka kanuna. Chanjo ya surua huja kama unga mkavu kwenye kichupa, mara nyingi cha watoto kumi. Ikishachanganywa na maji yake, muda wa saa sita ukipita inatupwa. Nesi akifungua kwa mtoto mmoja anamwaga dozi tisa, kisha anaulizwa na bosi wake zimekwenda wapi. Shirika la Afya Duniani linasema afungue tu, hata kwa mtoto mmoja, maana mama aliyerudishwa pengine harudi. Kwa hiyo mwombe afungue. Akikataa, aiandike hiyo Alhamisi kwenye kadi kwa mkono wake.