Opera iliyorekodiwa si filamu ya opera

Siku hizi mtu akitazama chochote kinachoimbwa kwa Kiitaliano au Kifaransa kwenye runinga yake, atakwambia ametazama "opera laivu". Mwulize ni ipi, atakutajia Carmen, sinema ya mwongozaji Francesco Rosi ya mwaka 1984, ile yenye farasi na vumbi la Andalusia kule Hispania, halafu ataanza kumsifia mwimbaji Plácido Domingo kwa kuimba kwenye jua lile bila hata kutweta. Hakutweta kwa sababu sauti ilikwisharekodiwa zamani. Mbele ya kamera alikuwa anafuatisha mdomo tu.

Maana yenyewe ni fupi. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake, yote au mengi, yanaimbwa, huku okestra ikipiga. Opera iliyorekodiwa ni onyesho ambalo kamera imelinasa waimbaji wakiwa wanaimba kweli. Filamu ya opera ni sinema: muziki unarekodiwa kwanza, picha zinapigwa baadaye kwa pleibeki, yaani waigizaji wakifuatisha mdomo sauti iliyokwisharekodiwa. Yeyote aliyewahi kununa kwenye shoo ya Bongo Fleva kwa sababu msanii kapanda jukwaani na CD anaijua vizuri tofauti hii. Sijui kwa nini tukifika kwenye opera tunaisahau.

Kinachotupoteza, nadhani, ni kuangalia ukumbi. Tukiona pazia na watu wamekaa kwenye viti, tunasema hili ni onyesho. Tukiona barabara na milima, tunasema ni sinema. Kipimo hicho hakina maana, na aliyekivuruga kuliko wote ni Ingmar Bergman, mwongozaji filamu wa Uswidi.

Filamu yake ya Die Zauberflöte (Filimbi ya Ajabu), opera ya Mozart, iliyorushwa na televisheni ya Uswidi Januari 1, 1975 na kuimbwa kwa Kiswidi, inaanza na nyuso za watazamaji, wazee kwa vijana, moja baada ya nyingine, muziki wa ufunguzi ukiendelea. Jukwaa ni la mbao, la kizamani, na mitambo yake inaonekana. Wakati wa mapumziko kamera inakwenda nyuma ya pazia: mwimbaji wa Malkia wa Usiku anavuta sigara chini ya kibao kinachokataza kuvuta sigara, na mwimbaji wa Sarastro, mhusika mwingine, anasoma nota za Parsifal, opera nyingine kabisa, ya Wagner. Nani asingeamini kwamba yuko ndani ya jumba la opera? Kumbe jukwaa lile ni nakala iliyojengwa studio. Jumba halisi, la Drottningholm karibu na Stockholm, lilifunguliwa mwaka 1766 na lilionekana ni dhaifu mno kubeba vifaa vya kupigia filamu. Sauti nazo zilirekodiwa kabla. Ni filamu mwanzo mwisho, tena nzuri kuliko maonyesho mengi ya kweli.

Sasa geuza. Der Ring des Nibelungen, mfululizo wa opera nne za Wagner, iliyoongozwa na Patrice Chéreau, okestra ikiwa chini ya Pierre Boulez, ilirekodiwa kwenye jumba la opera la Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1979 na 1980 bila watazamaji. Hakuna makofi wala kikohozi, lakini waimbaji wanaimba kweli, na majasho yanawatoka. Hiyo ni opera iliyorekodiwa. Na mwezi Julai 1992 Tosca ya Puccini iliimbwa Roma mahali palepale inapotokea hadithi, kanisani Sant'Andrea della Valle, kisha Palazzo Farnese, kisha juu ya Castel Sant'Angelo, kwa saa zilezile zinazotajwa kwenye hadithi, ikirushwa mbashara. Kondakta Zubin Mehta na okestra yake walikuwa kwingine kabisa mjini humo. Jukwaa halikuwepo, pleibeki haikuwepo. Kwa wanaopenda kila kitu kikae kwenye kabati lake, hiyo ni karaha tupu.

Kwa hiyo acha ukumbi, tazama shingo. Anayeimba noti ya juu kwa nguvu zake mishipa inamsimama, ulimi unalala chini, taya linashuka mpaka sura inaharibika, na kabla ya sentensi ndefu mbavu zinapanuka. Wa pleibeki anabaki mzuri. Mdomo unafunguka kiasi cha kuonyesha meno, na pumzi unayoisikia hailingani na kifua unachokiona.

Hata ile iliyorekodiwa kweli isichukuliwe kama ilivyo. Diski nyingi zilizoandikwa "laivu" zimeunganishwa kutoka usiku mbili tatu, aliyekosea Jumanne akirekebishwa na yeye mwenyewe wa Ijumaa. Tena kwenye majumba makubwa mwimbaji wa opera kwa kawaida haimbi kwa kipaza sauti. Sauti yake inapita juu ya okestra nzima kwa nguvu za mwili wake. Kwenye sofa lako unasikia uwiano aliouamua fundi mitambo, kwa hiyo usibishane na mtu nani ana sauti kubwa kuliko nani.

Carmen ya Rosi itazameni, ni tamu. Domingo msifuni pia, ila kwa alichokifanya: aliimba vizuri mbele ya maikrofoni, na siku nyingine akaigiza vizuri juani. Mkitaka kumwona akifanya yote mawili kwa pamoja, ile Tosca ya Roma anayemwimba Cavaradossi, mpenzi wa Tosca, ni yeye.