Muswada wa bunduki za nusu otomatiki: anzia kifungu cha tafsiri

Ukiwasilishwa muswada wa kudhibiti bunduki za nusu otomatiki nchini Marekani, watu hukimbilia neno "marufuku". Mimi hufungua kwanza kifungu cha tafsiri, kwa sababu ndicho kinachosema marufuku hiyo inaigusa bunduki ipi.

Bunduki ya nusu otomatiki ukivuta kifyatulio hutoa risasi moja, hutupa ganda, kisha hujipakia nyingine chemba. Kidole kisipoachia na kuvuta tena, haitoki ya pili. Rashasha humimina mfululizo maadamu kidole kimekaa. Tofauti hiyo si ndogo mahakamani. Mwaka 2024, katika kesi ya Garland dhidi ya Cargill, Mahakama ya Juu ilibishana juu ya maneno machache tu ya sheria ya shirikisho, yanayohusu kifyatulio kufanya kazi mara moja. Kwa kura 6 dhidi ya 3 ikaamua kwamba kitako cha kuteleza, kinachoigongesha bunduki kidoleni harakaharaka, hakiigeuzi kuwa rashasha.

Sheria ya shirikisho ya 1994 ya kuharamisha baadhi ya bunduki hizi, iliyotiwa saini na Bill Clinton na kuisha muda wake 2004, ilitaja baadhi ya bunduki kwa majina, na nyingine ikazitambua kwa maumbile. Bunduki ndefu ya nusu otomatiki yenye magazini (kasha la risasi) ya kuchomoa iliharamishwa ikiwa na sifa mbili kati ya tano: kitako cha kukunja au kuvuta, mshikio wa bastola unaochomoza chini, kishikizo cha singe, kizima mwako au mtutu wenye hesi, na kirushia guruneti. Sasa piga hesabu kama mwenye kiwanda. Ondoa kishikizo cha singe, ondoa kizima mwako, acha mshikio. Imebaki sifa moja, na bunduki ni halali, ikirusha risasi zilezile kwa kasi ileile. (Hoja ya kisheria ya kuihofia singe zama hizi bado naisubiri.) Wapinzani walisema sheria ile ilipiga vita sura, na kwa hili nawapa haki yao.

Waandishi wa muswada wa GOSAFE, uliofikishwa Seneti 2023 na Seneta Martin Heinrich na wenzake, walijifunza. Wao walifuata mashine. Risasi inapopita mtutuni, sehemu ya gesi huponyoka kwenye kitundu kidogo na kurudi nyuma kusukuma mtambo wa kujipakia. Muswada unazikamata bunduki zinazofanya kazi kwa gesi hiyo, kisha unaachilia, kwa mfano, bunduki ndefu zenye magazini isiyochomolewa ya risasi 10 au pungufu. Kiufundi nausifu: kitundu cha gesi hukipigi msasa ukabaki na bunduki ileile.

Lakini hapo ndipo mtu huruka majivu akakanyaga moto. Fasili pana hunasa silaha nyingi mno, na tangu kesi ya Heller ya 2008 katika Mahakama ya Juu, Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayohusu haki ya kumiliki silaha, yanalinda silaha zilizo katika "matumizi ya kawaida". Kesi ya Bruen ya 2022 ikaongeza kwamba serikali ioneshe mapokeo ya kihistoria ya udhibiti wa namna hiyo. Kesi ya Rahimi ya 2024 ikalegeza kidogo, ikisisitiza kwamba sheria ya zamani si lazima iwe pacha wa ile ya sasa. Kipimo cha "kawaida" ndicho kinachonikera. Kama ni idadi iliyouzwa, basi silaha hupata kinga ya kikatiba kwa sababu Bunge lilichelewa na soko likawahi.

Kuhusu marufuku ya jimbo la Maryland dhidi ya bunduki za aina hii, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nne, ya shirikisho, iliiidhinisha 2024, ikiona silaha hizo ziko nje ya ulinzi wa Katiba. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri hilo. Majaji Thomas, Alito na Gorsuch walitaka lisikilizwe. Ili shauri lisikilizwe zinahitajika kura nne kati ya tisa. Jaji Kavanaugh hakuitoa ya nne, ila aliandika kwamba Mahakama inapaswa kulishughulikia suala hilo hivi karibuni, katika muhula mmoja au miwili ijayo.

Kwa hiyo nikitoka kifungu cha tafsiri naruka hadi kurasa za mwisho za muswada, kutafuta kama kuna kifungu cha utenganishaji, kinachosema sehemu moja ikibatilishwa nyingine zibaki. Fasili ya bunduki ikiangushwa mahakamani, je, ukomo wa risasi 10 kwa magazini utasimama peke yake?